Gasketi au silikoni kwenye sampu?

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuachana na gasketi (kizibo chembamba kinachokaa kati ya vyuma viwili) ukapaka silikoni tu, maana sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, inavuja oili. Inategemea injini ilivyoundwa. Sampu nyingi za siku hizi hazina gasketi kabisa. Zimetengenezwa kuzibwa kwa silikoni. Kama yako ilikuja na gasketi, rudishia gasketi, kwa sababu unene wake umeshapimwa.

Ukipaka silikoni, tafadhali usimwage. Mstari mmoja wa milimita 3 hivi, usiokatika, unaopita upande wa ndani wa matundu ya bolti, unatosha. Inayozidi huminywa ndani, ikakatika vipande na kuziba chujio la pampu ya oili. Hapo injini inakufa kwa kukosa oili, na hilo linaniuma kila nikiliona. Kwangua mabaki yote ya zamani, futa mafuta mpaka pakauke, kisha subiri muda ulioandikwa kwenye tyubu, mara nyingi saa 24, kabla ya kujaza oili.

Gasketi ya silinda hedi, yaani kifuniko cha juu ya silinda, usiibadilishe kwa silikoni kamwe. Silikoni haihimili mgandamizo wa ndani ya silinda. Hata penye petroli, silikoni ya kawaida hulainika.