Mkia wa "ight": herufi nne mnazo, moja inawashinda

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nauza mitumba Kiboriloni, hapa Moshi. Jioni mimi na binti yangu wa kidato cha kwanza hucheza Wordle kwenye simu, ule mchezo wa kubahatisha neno la Kiingereza la herufi tano. Juzi tulianza na "thick", tukafuata "fight", herufi nne za mwisho zikawa kijani, yaani zimo na zipo mahali pake. Tukajua tumeshinda. Tukaandika "night", "light", "right", "might", nafasi zote sita zikaisha. Kumbe jibu ni "eight". Tulikosea wapi? Na hiyo gh isiyotamkwa inafanya nini humo? Binti yangu hadi leo anaandika "nite".

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapo wengi wanakwama, hata wanaojua Kiingereza vizuri. Mlikuwa na herufi nne mkononi, ila neno bado lilikuwa mbali.

Tuhesabu. Maneno ya kawaida ya herufi tano yenye mkia wa "ight" ni manane: eight, fight, light, might, night, right, sight na tight. Yapo mengine machache ya nadra, kama "bight", yaani ghuba pana, ambalo utalikuta kwenye ramani ya pwani ya Benin, hayo tuyaache. "Fight" mlishaliondoa. Na "tight", ambalo wewe sokoni unalijua kama taiti, lilikuwa limeondoka tangu neno la kwanza bila ninyi kuliona: T ya mwanzo wa "thick" ilitoka njano, na njano maana yake herufi imo lakini si mahali hapo. Kwa hiyo neno halianzi na T. Yakabaki sita, na nafasi nne. Mkijaribu moja moja, kila mkikosa mnapunguza neno moja tu. Hapo ndipo mlipopotelea.

Nafasi ya tatu ilitakiwa itumike kuuliza, si kujibu. Andikeni neno ambalo mnajua kabisa si jibu, lakini limebeba herufi nyingi za mwanzo mnazozitilia shaka. Mimi ningeandika "lemon", limau. Ndani yake mna L, E, M na N, kwa hiyo kwa neno moja mnapima light, eight, might na night kwa pamoja. Siku ile E ingewaka njano, na nafasi ya nne mngeandika "eight". Kama zote zingetoka kijivu, yaani hazimo, yangebaki "right" na "sight" tu, na nafasi tatu za kuyajaribu. Hakuna njia ya kushindwa hapo.

Siku ambayo maneno yote manane bado yapo, ongezeni "firms" baada ya "lemon". Linapima F, R na S. Zote zikikataa, jibu ni "tight". Ni nafasi tatu kwa jumla, pamoja na jibu lenyewe. Angalieni jambo moja tu kwenye mipangilio ya mchezo: ukichagua ule ugumu wa juu, unalazimishwa kurudia kila herufi iliyokwisha kupatikana, na hapo "lemon" linakataliwa. Chezeni ule wa kawaida.

Sasa gh. Swali hili nalipenda sana, kwa sababu mtoto anayeandika "nite" hana uzembe. Ameandika anachosikia, kama Kiswahili kilivyomfundisha, na Kiswahili kimemfundisha vizuri. Zamani Waingereza nao waliandika walichosikia. Neno la usiku lilikuwa "niht", na ile h ya katikati ilitamkwa, karibu na kh ya "kheri" kama wazee wa pwani wanavyoitamka. Baadaye waandishi wakaanza kuiandika gh. Kisha sauti ikafifia midomoni mwa watu, lakini maandishi yakabaki. William Caxton alileta uchapaji Uingereza mwaka 1476, na vitabu vikazidi kuyakaza maumbo ya zamani. Muulize yeyote hapo Moshi anayepandisha wageni wa Kijerumani mlimani: usiku kwao ni "Nacht", mwanga ni "Licht", nane ni "acht". Mwambie atamke taratibu. Hiyo sauti, nzito ya kooni kwenye "Nacht" na "acht", laini zaidi kwenye "Licht", ndiyo jamaa ya ile iliyokuwa ndani ya night, light na eight.

Kwa hiyo mwambie binti gh ni alama ya sauti iliyokwisha kutoweka. Darasani kwangu huwa naandika "ight" ubaoni kama kitu kimoja kisichokatwa, kisha wanafunzi wanakuja mmoja mmoja kukiwekea kichwa: n, l, r, s. Baada ya siku chache mkono unaizoea, "nite" inakoma yenyewe. "Eight" lifundishe peke yake, maana halifuati ndugu zake kwa sauti: hayo mengine yana "ai", hili lina "ei". Nadhani ndiyo sababu halikuwajia kichwani. Mlikuwa mnatafuta kwa sikio, na sikio lilikuwa likisikia "ait" tu.

Mtakutana pia na ukoo wa "atch": batch, catch, hatch, latch, match, patch, watch. Huo upimeni kwa "plumb", neno lililomo ndani ya "plumber", fundi bomba. P, L, M na B zote zimo. Zikikataa zote, yanabaki catch, hatch na watch.