Riviera ya 1965 au ya 1971?

Ndugu, nimekuelewa: uko Houston, umepata gari mbili aina ya Buick Riviera za kuchagua moja ununue, ya 1965 na ya 1971, na marafiki wanakuambia mkia wa hiyo ya pili ni mbaya. Usiwafuate kabla hujaitazama mwenyewe kwa ubavuni, ukiwa mbali kidogo. Kioo chake cha nyuma kinashuka na kuchongoka kama tezi la mashua. Picha haziutendei haki mkia huo.

Hata hivyo, mimi ningechukua ya 1965. Mistari yake imetulia, na taa za mbele zimefichwa nyuma ya vifuniko vinavyofunguka ukiziwasha. Omba vifunguliwe na kufungwa mara kadhaa, maana mitambo yake huchoka.

Ukiipenda ya 1971, kagua kile kioo kwa makini, kwani kupata kingine ni kazi na ni ghali. Kama paa limefunikwa kwa ngozi bandia, bonyeza kingo zake: kutu hujificha hapo. Yoyote utakayochagua, usilipe kabla fundi wa bodi anayejua magari ya zamani hajaipandisha juu na kukagua chasisi.