Ukipewa namba kubwa usikimbilie kugawa

Mimi nafundisha tuisheni ya hesabu jioni, na kuna namba moja napenda sana kuwapa vijana: 4,294,967,297. Swali fupi tu, hii ni namba tasa au siyo? Hapo hapo kalkuleta zinatoka mfukoni, na hizi za bei chee zenye tarakimu 8 namba yenyewe haiingii hata!

Sikia, majaribio madogo maliza kwa kichwa. Inaishia na 7, kwahiyo 2 na 5 hazimo. Jumlisha tarakimu zote unapata 59, basi 3 nayo haimo. Halafu ikate tatu tatu kuanzia kulia, utoe na kujumlisha kwa zamu: 297 − 967 + 294 − 4 = −380. 380 haigawanyiki kwa 7, wala 11, wala 13, umeziondoa zote kwa mpigo mmoja (ni kwasababu 7 × 11 × 13 = 1001, wengi wanakariri tu).

Baada ya hapo ndo watu wanapotea, maana lazima ujaribu namba tasa zote mpaka kwenye kipeuo cha pili chake, ambacho ni kama 65,536, na chini ya hapo ziko 6,542, utagawa mpaka kesho kutwa. Ushauri wangu: weka kalamu chini utafute namba imetoka wapi. Toa 1 uone. Unapata 4,294,967,296, yaani 2^32 (2 kipeo cha 32), watu wa kompyuta wanaijua vizuri, ndo idadi ya anwani zote za IPv4 (namba za kutambulisha vifaa kwenye intaneti). Kumbe yetu ni 2^32 + 1! Fermat, yule mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliona ndugu zake 3, 5, 17, 257 na 65,537 (yaani 2^1 + 1, 2^2 + 1, 2^4 + 1, 2^8 + 1 na 2^16 + 1) zote ni tasa akaamini na hii ni tasa, mpaka mwanahisabati Euler alipoivunja mwaka 1732.

Euler huyohuyo alionyesha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii lazima kiwe kigawe cha 64 ukiongeza 1. Sasa hesabu: 193, 257, 449, 577, 641... ya tano tu na imekubali, 641 × 6,700,417. Kutoka elfu sita na ushee mpaka tano jamani!

Na unaweza kuhakikisha bila kalkuleta, hapa ndo mimi huwa natabasamu mwenyewe. 641 ni 5 × 2^7 + 1, na pia ni 5^4 + 2^4. Ukigawa kwa 641, 5 × 2^7 inabaki −1 (imepungua 1 tu igawanyike), ipandishe kipeo cha 4, 5^4 × 2^28 inabaki 1. Weka −2^4 mahali pa 5^4, unapata −2^32 inabaki 1, basi 2^32 + 1 inabaki 0.

Ukimaliza mpe mwanafunzi jirani yake, 4,294,967,295. Hiyo ni 2^32 − 1, tofauti ya miraba miwili, (2^16 − 1)(2^16 + 1), na 2^16 − 1 nayo unaifungua hivyo hivyo, mpaka inafunguka yenyewe kuwa 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, wale wale ndugu watano wa Fermat, na hakuna aliyegawa kitu.