Filamu isimalize hadithi kabla mgeni hajaingia

Mkuu, umeuliza kama makumbusho ya wilaya yenu itenge chumba cha filamu, mgeni aanzie hapo kabla ya kuona vitu vyenyewe. Nimeongoza wageni miaka tisa, na chumba kama hicho tulikijenga. Jengeni, ila filamu isimalize hadithi.

Yetu ya kwanza ilikuwa ya dakika 22, tangu zana za mawe mpaka uhuru. Wanafunzi walitoka wamechoka, wakapita kwenye makabati ya vioo kama wanaowahi daladala. Binti mmoja nilimwonyesha chungu kilichochimbwa kijijini kwao, akanijibu, "Hicho tumeshakiona." Alikiona kwenye skrini! Iliniuma, maana shingoni mwa chungu kile alama za vidole vya mfinyanzi zipo hadi leo, na kwenye filamu hazionekani.

Aliyenifumbua macho ni mwongozaji wa Olduvai. Kule utangulizi ni mtu na ukingo wa korongo. Mnakaa kivulini, anawaonyesha matabaka: lile jekundu, halafu chini kabisa, ambako Mary Leakey alilikuta fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, mwaka 1959. Ukija kuingia ndani ya makumbusho yao na kusimama mbele ya nakala ya nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.6, unajua unachokitazama. Kigali nako, pale Gisozi kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, wageni huanza na filamu fupi ya manusura wakisema wenyewe. Wamezikwa pale watu zaidi ya 250,000. Idadi hiyo huwezi kuibeba moyoni mpaka umsikie mmoja.

Basi tukakata yetu ikabaki dakika sita. Sasa inamwonyesha bibi wa kijijini akifinyanga, vidole vyake vikizama kwenye udongo, kisha taa zinawaka. Chungu cha kale hakimo kabisa. Watoto wanatoka na kitu cha kwanza wanachokutana nacho ni chungu hicho; wanainama wenyewe kuvitafuta vidole.

Sauti pia iangalieni, maana yetu ilivuja hadi chumba cha pili tukalazimika kuziba kwa mazulia. Umeme ukikatika, mwongozaji aweze kuzisimulia dakika hizo sita kwa mdomo. Na mlango wa kutokea usiwe ule wa kuingilia, la sivyo darasa moja litagongana na jingine. Fedha ikitosha kitu kimoja tu, kati ya projekta kubwa na mlango wa pili, toboeni mlango.