Kuingia utafiti wa tabulensi ya plazma bila maabara

Nimekuelewa mdogo wangu, una digrii ya fizikia, unataka utafiti wa tabulensi (mivurugo ya mtiririko) kwenye plazma, yaani gesi yenye chaji za umeme, yenye sumaku ila huna maabara wala kompyuta kubwa. Anza na upepo wa jua, yaani plazma inayotiririka kutoka kwenye Jua! Data za Parker Solar Probe, chombo cha NASA cha kuchunguza Jua kilichorushwa 2018, zipo wazi bure, unachukua vipimo vya uga sumaku unachora spektra (grafu ya nishati ya mivurugo mikubwa hadi midogo) kwa Python, lugha ya programu, unalinganisha na ule mteremko wa -5/3 wa nadharia ya tabulensi ya Kolmogorov ya 1941. Ila hapo kuwa makini sana, mteremko peke yake hauthibitishi nadharia, maana mivurugo inajinyoosha kufuata mistari ya sumaku, kwahiyo pima sambamba na uga kivyake na kuukatisha kivyake. Goldreich na Sridhar wa 1995, walioandika nadharia ya huko kujinyoosha, wasome mapema. Na kabla hujakubali PhD yoyote, ongea na wanafunzi wa huyo msimamizi, uliza ufadhili unaisha lini.