Mwanangu, kuhusu rula yangu ya samaki

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Mikindani. Sote wazima, na goti la mamako limetulia.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema umepata kazi mbili: ile ya afisi ya kutoa mizigo bandarini, yenye mshahara wa kila mwezi, na kandarasi ya miezi sita ya kupima samaki na maji katika hori ya Tudor, ule mkono wa bahari. Kisha ukanichoma: "Baba, wewe umepima samaki miaka ishirini na samaki ndio kwanza wamepungua. Hesabu zako zilimfaa nani?"

Nilikasirika kidogo, nikanywa chai, ikapita.

Ni kweli, rula yangu haikuzaa hata tafi mmoja. Lakini hilo neno "wamepungua" umelitoa wapi? Kijana aliyeanza kuvua juzi huona anachopata leo ndicho cha kawaida. Mzee naye atakwambia zamani samaki walikuwa wakirukia chomboni wenyewe. Mwaka 1988 mafuta yalimwagika Makupa, mikoko ikakauka imesimama. Watu wakaanza kuulizana kabla ya hapo palikuwa na nini, na kila mmoja barazani alikuwa na jibu lake. Mvua za El Niño za 1997 zilipoteremsha tope Mwache na kuifukia mizizi ya mikoko, mambo yakawa yale yale. Kilichokuwepo jana usipokiandika jana, leo huwezi kukiandika.

Na kuandika kwenyewe kuna ujuzi wake. Kilo kumi za watu wawili kwa saa tatu si sawa na kilo kumi za watu watano kwa saa sita. Wale wa kwanza wamepata zaidi ya kilo moja na nusu kwa mtu kwa saa, hawa wa pili theluthi ya kilo tu. Mizani ya mchuuzi haioni tofauti hiyo. Ndiyo maana utauliza idadi ya wavuvi, saa za kuvua, chombo, na kama ni jarife, mshipi au malema. Kisha urefu: kilo zaweza kubaki zile zile mwaka hadi mwaka huku samaki wakizidi kuwa wadogo, na wadogo hawajataga.

Sasa nikwambie aibu yangu, ambayo hata mamako hajui. Mwaka wangu wa pili, asubuhi moja ya masika, nilishindwa kuamka. Nikaketi nyumbani nikajaza fomu: vyombo kumi na vinne, tafi, chaa, mkizi, kila kitu kizuri. Msimamizi wangu akaisoma, akaniuliza taratibu, "Hawa kumi na wanne walivua saa ngapi?" Siku ile watu wa diko zima, pale vyombo vinaposhushia samaki, walikuwa maziarani, wamekwenda kumzika mwenzao. Hapakutoka hata mtumbwi. Hakunifukuza. Alinipa daftari la mwezi mzima nilifute lote, kwa kuwa hakujua tena ukurasa upi ni wa kweli. Wallahi nilitamani kufukuzwa.

Kazi yenyewe haijui saa mbili asubuhi. Maji hujaa na kupwa, na kila siku husogea mbele kwa karibu dakika hamsini, nawe unayafuata. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, utaingia kwenye tope la mikoko hadi magotini, na chaza walioganda kwenye mizizi watakukata, kwa hiyo vaa viatu vya kufunga, si ndara. Tone la maji utaliweka kwenye refraktomita, kipimo cha chumvi, ulielekeze kwenye mwanga: mdomoni mwa bahari utasoma chumvi kama 35 kwa elfu, na kadiri unavyopanda juu, mto Kombeni unakoingia, wakati wa mvua inashuka sana. Andika kwa penseli. Wino huyeyuka.

Lakini kigumu kuliko tope ni watu. Mvuvi amekesha, mama karanga, mkaanga samaki, amesimama na beseni lake, na wewe unataka kushika samaki kabla hajauzwa. Salimia kwanza. Pima haraka, umrudishie palepale kwenye barafu. Watakuita "dada wa rula", itika. Na kila miezi michache warudie watu wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, uwaonyeshe ulichokipata, maana mimi sikufanya hivyo, na mpaka leo wapo wanaodhani nilikuwa mtu wa kodi.

Kuhusu pesa sikufichi: miezi sita ni miezi sita, na malipo ya mradi hupenda kuchelewa. Kabla ya kutia sahihi uliza nani analipa mafuta ya boti, kama kuna jaketi la kuokolea la kila mtu, na kama kuna bima. Wakibabaika kwenye hilo la jaketi, nenda kwenye mizigo yako, nami nitafurahi.

Ukiamua upande wa samaki, njoo kabla ya mwezi mpevu, tushuke pamoja na bamvua. Daftari zangu ziko juu ya kabati, mamako ameshaanza kuwashia jiko lile la kwanza.

Babako