Mstari uliolala haumaanishi basi limesimama

Kwenye jaribio moja la fizikia, kidato cha pili, niliona mstari uliolala kwenye grafu nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba gari "limesimama kwa sekunde 20". Mwalimu akazungushia kwa wino mwekundu na kuuliza pembeni: "Limesimama likiwa na mita 12 kwa sekunde?"

Nilikuwa nimezoea grafu ya umbali na muda, ambako mstari uliolala ni kusimama kweli. Hii ilikuwa ya velositi (kasi pamoja na mwelekeo wake) na muda, na mhimili wa wima sikuusoma. Ndiyo maana nikimfundisha mdogo wangu namwambia aufunike mstari kwa kiganja kwanza, asome mihimili na vipimo vyake, ndipo afunue.

Kisha tunapanda basi la mwendokasi, hata kama ni kwa mawazo tu. Basi linaondoka kituoni na kufikia 12 m/s ndani ya sekunde 8, linakwenda hivyo kwa sekunde 20, halafu dereva anashika breki na basi linasimama ndani ya sekunde 6. Mteremko wa mstari ndio mchapuko, yaani velositi inabadilika kiasi gani kila sekunde: 12 kugawa kwa 8 ni 1.5 m/s². Kwenye breki ni -2, mstari umesimama wima zaidi, na ndiyo maana abiria waliosimama wanayumba zaidi pale kuliko wakati wa kuondoka. Katikati, mstari ukiwa umelala, unaweza hata kuachia bomba la kushikilia. Mwili unausikia mteremko, hauisikii kasi.

Umbali ni eneo lililo chini ya mstari. Ukisahau, vipimo vitakukumbusha: m/s mara s inabaki m. Pembetatu ya kuondoka 48, mstatili wa katikati 240, pembetatu ya breki 36. Jumla mita 324.

Wengi hunaswa na mstari unaoshuka. Kushuka si kurudi nyuma; mstari ukiwa bado juu ya sifuri, ni kupunguza kasi. Kurudi kunaanza mstari unapovuka chini ya sifuri. Rusha mpira juu kwa 20 m/s, chukua mvutano wa dunia kuwa 10 m/s²: mstari unashuka moja kwa moja, unakata mhimili sekunde ya 2, unafika -20 sekunde ya 4, mpira mkononi.

Hapo mdogo wangu hubisha. Kama kileleni velositi ni sifuri, mchapuko unatoka wapi? Namrudishia kalamu: nionyeshe mstari ulipolala.